Vijiji Viwili, Dawa ya Kimoja

Mwaka ule nilikuwa bibi shamba wa vijiji viwili huko Kibondo, bado msichana, na baiskeli ya serikali isiyo na breki. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejaa kambi ya jirani, na wenyeji wengi walikuwa wamegawana nao chakula mpaka ghala zikabaki tupu. Mahindi ya msimu ule ndiyo yaliyokuwa tegemeo letu. Yalipofika magotini, viwavijeshi vikaingia.

Simu haikuwapo. Nikaenda kambini, kwenye ofisi ya shirika la misaada, nikaomba redio ya upepo. Aliyeiendesha, Mkongomani mpole, alinivutia kiti.

"Ikala hapa, mama. Ukimaliza kusema, sema 'ova', halafu achilia hiki kidude."

Nikamweleza mkubwa wangu wa wilayani hali ya vijiji vyote viwili. Alisikika kwa mbali, sauti ikikatika.

"Dawa iliyobaki inatosha kijiji kimoja tu. Wewe ndiye uliyeko huko, chagua. Ova."

Kijiji cha juu, viwavi vilikuwa vimeshanenepa na kuwa vyeusi. Dawa isingevifanya kitu. Bondeni vilikuwa bado vidogo, vya kijani. Kwa nilivyofundishwa chuoni, jibu lilikuwa wazi. Lakini juu ndiko nilikopanga chumba, kwa mjane mmoja aliyenilea kama binti yake.

"Mama, wanakungojea," yule Mkongomani akanikumbusha.

Nikataja kijiji cha bondeni.

Nilimkuta mjane shambani, anaokota viwavi kwa mkono na kuvitia kwenye ndoo. Nikamweleza yote.

"Uliwaambia kwamba na sisi tupo?"

"Niliwaambia, mama. Ila huku dawa ingepotea bure."

"Na aliyechagua ni wewe?"

"Ni mimi."

Hakunitukana. Aliinama akaendelea kuokota. Nikapiga magoti kando yake, tukaokota mpaka jua likazama, na wote wawili tulijua haisaidii. Siku ya tatu yalibaki mabua tu.

Bondeni mahindi yalipona. Niliitisha mkutano kule, nikawaomba mbegu za maharage kwa ajili ya wenzao wa juu. Baadhi waliondoka kabla sijamaliza kusema. Wengi walitoa, hata zile walizokuwa wamezificha. Februari tukapanda. Mjane alivuna kidogo, lakini kilimvusha msimu wa njaa.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kasulu. Alinisindikiza hadi barabarani, sanduku langu kichwani mwake, akakataa nimpokee.

"Mwanangu," akasema, "ulichagua sawasawa. Lakini nilikukasirikia sana, na sikukwambia."

"Nilijua, mama. Hata mimi nilijikasirikia."

Akatua sanduku, akanishika mkono. Tukasimama hivyo hivyo mpaka lori la Kasulu likaja.