Karatasi Niliyoibandika Kwenye Chupa

Siku moja naikumbuka kuliko siku zangu zote, mwanangu. Ilikuwa Alkhamisi, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwetu Ibra, huku kwenye nchi ya Waarabu. Siku hiyo nusura nimzike mwanangu wa kiume. Aliyeshika kijiko alikuwa dada yake wa miaka mitano, na aliyesema "mpe" nilikuwa mimi.

Nakuandikia kwa kuwa mama yako, binti wa ami yangu, amenambia kwamba wewe na mkeo mmeamua kuwasomesha watoto wenu nyumbani mpaka wafike umri wa skuli: dini yao, herufi zao na hesabu zao, vyote mkononi mwenu. Sikukatazi. Mimi nami nilifanya. Umri wangu ni miaka arobaini na kitu, sijashika mkongojo, na wenzangu watacheka wakisikia natoa nasaha. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, hata awe kijana.

Miaka ile nilikuwa nauza vipuri vya magari. Jumamosi nipo Sur, Jumatatu nipo Nizwa, na katikati yake gereji za vijijini ambazo leo nikipita nazikuta zimekuwa maduka ya simu, nikasimamisha gari nikazitazama kama mtu aliyepotelewa. Mie ni mtu wa njia tangu hapo; nikikaa siku tatu pahala pamoja miguu huniwasha. Mke wangu Moza alikuwa akisomesha skuli ya wasichana. Aliyebaki nyumbani na watoto ni mama yangu, ambaye mtaa mzima walimwita Bibi Zuwena.

Binti yetu Raya tulimpeleka kwanza kwenye darasa la watoto wadogo. Wiki ya pili akarudi amevimba macho. Aliomba maji kwa Kiswahili, watoto wakamcheka, na tangu hapo akawa anakaa na kiu mpaka adhuhuri. Mimi niliposikia hayo niliona moto. Nilitoka Unguja nina miaka tisa, nikatiwa darasani na watoto wa miaka sita, na mwalimu aliponipa kitabu cha Kiarabu nilikishika juu chini. Kicheko kile nakisikia hadi leo. Nikamtoa darasani, nikaapa kwamba mwanangu ataingia darasa la kwanza anasoma kama maji.

Basi nikaleta ubao na chaki, na nikaandika karatasi za Kiarabu nikazibandika nyumba nzima. Mlangoni nikaandika mlango, kwenye friji nikaandika friji, kwenye mtungi, kwenye kioo, kwenye makopo ya sukari na chumvi, kwenye kila chupa ya jikoni. Mama yangu akawa ananifuata nyuma, mikono kiunoni.

"Wizara ya Elimu imehamia kwangu leo," akasema. "Na mimi nibandike kipajini, baba. Andika 'Bibi', nisije nikapotea njia ya chooni."

"Mama, mtoto anajifunza kwa macho."

"Na Mungu aliyempa pua na vidole alikuwa anapamba?"

Yeye alikuwa na ufundishaji wake. Alimweka Raya kwenye mkeka akampa kokwa za tende azihesabu, kumi kumi. Alimtia mikono kwenye unga, na hakuna kuugusa kabla ya Bismillahi. Udhu alimfundisha kwa kopo moja dogo la maji, akimwambia, "Haya maji yametoka mbali kuja kwetu, na jirani naye anayataka." Wakipika vitumbua, sahani ya kwanza ilikwenda kwa jirani, na aliyeibeba ni Raya mwenyewe. Na kila chupa, kila kopo, kabla ya kutia chunguni, lazima kunusa. "Nusa kwanza, mjukuu wangu. Jina huliweka watu, harufu kaiweka Mungu."

Mimi niliona hayo ni michezo ya jikoni. Siku moja nilimuuliza Raya iko wapi siki. Akachukua chupa, akafungua, akanusa, akasema, "Hii hapa." Nikamnyang'anya.

"Usinuse! Soma! Pua ni ya paka. Msomi hutumia macho."

"Lakini Bibi kasema..."

"Bibi hakusoma skuli. Herufi hazisemi uongo, Raya. Kilichoandikwa ndicho kilichomo."

Mama yangu alikuwa anapepeta mchele. Alisikia, akaendelea kupepeta.

Raya akashika. Kwa miezi michache alisoma karatasi zote za nyumba ile, na Alhamdu, sura ya kufungulia Kurani, akaihifadhi na kuiandika, herufi zake zikipanda na kushuka kama mbuzi mlimani. Nikawa nampitisha kwa wageni kama mtu anavyoonyesha gari mpya.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mdogo wake, Sleyum, alikuwa na miezi kumi, anaota meno, homa inakuja na kuondoka. Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa. Mama yangu naye akamfanyia kombe kama walivyofanyiwa watoto wa kwetu Unguja: akaandika Alhamdu kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa maji na tone la marashi ya waridi, akamnywesha kijiko. "Dawa ya daktari na dua ya bibi hazijawahi kugombana," alisema. Raya alikaa magotini akitazama kila kitu. Akaniuliza, "Baba, kwa nini yanaoshwa?" Nilikuwa natafuta funguo za gari. Nikamwambia, "Utajua ukiwa mkubwa."

Marashi yale niliyaleta mimi kutoka Nizwa, kwenye chupa ya kioo, na karatasi yake niliiandika mimi kwa hati nzuri: maji ya waridi. Yalipokwisha, chupa ikabaki tupu pale dirishani jikoni. Jumatano nilirudi na pipa dogo la dawa ya rejeta, yale maji ya rangi yanayotiwa kwenye gari injini isichemke, na ni sumu. Nilikuwa na haraka. Nikataka kiasi kidogo cha kuweka garini, nikaiona chupa, nikaijaza. Rangi yake nyekundu ya mbali, waridi tupu. Simu ikalia, nikaiweka chupa palepale dirishani, nikatoka nayo akilini tu, mkononi sina. Haraka haraka haina baraka, tunalisema kila siku na kila siku tunakimbia.

Alkhamisi ile Moza alikwenda taazia kwa jirani. Mama yangu alikuwa chumbani anasali. Nikaingia ukumbini nikamkuta Raya kwenye mkeka, Sleyum kamwegemeza kwenye mto, na mbele yao sahani nyeupe. Ukingoni mwa sahani yalibaki maandishi ya zafarani ambayo hayajaoshwa: Bismillahi, imeandikwa sawasawa, mkono wa Raya. Machozi yalinilenga, mwanangu. Nilisema, "Mashallah! Umeandika peke yako?"

"Peke yangu, Baba. Nimemfanyia Sleyum kombe. Keshakunywa vijiko viwili, ila anatema."

Nikachuchumaa. Nikamshika mtoto kichwa ili asiteme. Nikasema, "Mpe. Bismillahi."

Akampa kijiko cha tatu. Nilimeza mate pamoja na Sleyum, kwa furaha. Halafu nikaiona chupa kando ya goti lake.

Sijui nilipiga ukelele gani. Najua mama yangu alikatisha sala, na Raya alianguka nyuma kwa kitisho. Nilimtia mtoto kidole mdomoni, nikampangusa ulimi kwa kanzu yangu. Raya analia, anasema maneno ambayo hata nikifa nitayasikia:

"Nilinusa, Baba! Nilinusa, haikunukia! Lakini wewe ulisema nisome!"

Tulikwenda hospitali mimi, mama yangu na mtoto. Raya tulimwacha kwa jirani. Daktari, mtu mzima mwenye miwani, akaniuliza amekunywa nini. Nikampa chupa. Akaisoma ile karatasi, akanitazama kwa kunituliza. "Maji ya waridi? Hayana neno hayo, baba mtoto. Tulia."

Msomi yule, baada ya miaka yote ya vyuo, naye karatasi yangu ilimdanganya.

"Si maji ya waridi," nikamwambia. "Ni dawa ya rejeta."

"Na aliyeandika hivi ni nani?"

Watu walikuwa wamekaa pale wanangojea zamu zao. "Mimi," nikasema.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliivua miwani, akapiga kelele kuita wauguzi, na mlango ukafungwa.

Siku tatu mtoto alikaa na mipira ya dripu mikononi, Moza kando yake; mama yangu alirudi nyumbani kwa Raya. Walikuwa wakimpima figo. Kilichomwokoa, baada ya Mola, ni kwamba vile vijiko viwili vya mwanzo alivitema karibu vyote. Kile alichokimeza sawasawa kilikuwa cha tatu, nilichomshikia kichwa mimi. Siku ya nne daktari akasema figo zimesalimika, mimi na Moza tukamrudisha nyumbani.

Nilidhani yamekwisha. Nyumbani nikakuta kuta zangu nyeupe. Raya alikuwa amebandua karatasi zote, hata ya mlango, akazirundika mapajani mwa bibi yake. Nikamwita tusali pamoja magharibi. Akasimama nyuma yangu, akarukuu, akasujudu, lakini mdomo kaufunga kama mtu aliyeshika maji. Baada ya salamu nikamuuliza, "Alhamdu yako iko wapi?"

Akasema polepole, "Siisomi. Imemuumiza Sleyum."

Nilihisi kama nimepigwa na mlango. Nikaanza kumhutubia: Alhamdu ni shifaa, huponya, Alhamdu haidhuru, usiseme hivyo, ni haramu. Mama yangu akanivuta kanzu mpaka jikoni.

"Nyamaza, Nasor. Unamwongezea."

"Mama, mtoto anaikataa sura ya Mungu!"

"Anakutetea wewe, mpumbavu we." Hakuwahi kuniita hivyo tangu nioe. "Mtoto huyu ana mambo mawili: maneno ya Mungu na maneno ya baba yake. Moja nusura limuue ndugu yake. Unafikiri atalitupa la nani? Miaka mitano ile! Baba yake ndiye anayemvusha barabara, ndiye anayemnunulia viatu. Bora amtuhumu Mungu, maana hajawahi kumwona Mungu akikasirika. Nenda ukamwambie nani mwongo katika nyumba hii. Na useme kwa mdomo wako, usimwandikie."

Mwanangu, nimevuka jangwa la Sharqiyah mchana wa joto na gari mbovu, lakini safari ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka jikoni mpaka kwenye mkeka ule. Nilipiga magoti nikawa sawa naye. Nikaitoa chupa, tupu, imeoshwa, na karatasi yake bado ipo.

"Raya, Alhamdu haikumuumiza Sleyum. Niliyemuumiza ni mimi. Nilitia sumu ya gari ndani ya chupa hii na nikaacha jina la waridi. Wewe ulisoma sawa. Ulinusa sawa. Baba ndiye aliyekosea, na baba ndiye aliyekukataza kunusa."

Akaisoma karatasi tena. Kisha akauliza, "Kwa nini hukubandua karatasi?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Nikamsogezea chupa.

Akanyoosha kidole kidogo, akaanza kuikwangua karatasi kwa ukucha. Tulikwangua pamoja mpaka kioo kikawa kitupu. Usiku huo hakusoma Alhamdu, wala wa pili, na sikumlazimisha. Wa tatu, kabla sijainama kwenye rukuu ya kwanza, nikasikia nyuma yangu sauti ndogo ikisema Alhamdu lillahi, kisha ikanyamaza, kisha ikaendelea. Nilikaa kwenye sijida mpaka mama yangu akakohoa.

Sleyum leo ananipita kimo na anasoma chuo Nizwa. Raya anasomesha watoto wadogo, na hajafungua chupa bila kunusa, hata ya maji, hata mbele ya wageni.

Basi nasaha yangu ni hii. Wasomeshe watoto wako nyumbani ukitaka, ni kheri kubwa. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini jua kwamba skulini mwalimu husomesha saa zake akaenda zake, na nyumbani hakuna kengele ya kutoka. Kila ulichokiweka dirishani ni somo. Kila swali ulilolikimbia kwa kutafuta funguo ni somo. Mwana hutazama kisogo cha nina, na cha baba pia, hasa baba akiwa anatoka mbio. Usiwapokonye watoto mikono na pua zao ukadhani unawapa akili. Hizo ni aya walizokuja nazo. Usiwadharau wazee wa jikoni. Na ukimfundisha mtoto kuamini neno, kwanza hakikisha neno lako na kilichomo ndani ni kitu kimoja. Ukikosea, mwambie siku hiyo hiyo, ukiwa umepiga magoti, kabla hajatafuta wa kumlaumu badala yako akamkuta Mola wake.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wangu ananijia kila ninapoosha chupa.

Mwenyezi Mungu awajaalie wanao macho yanayosoma na mioyo inayonusa uongo. Aibariki nyumba yenu, jikoni kwenu kwanza. Na wewe, mwanangu, akupe utulivu ambao mimi sikupewa, ili mtoto akikuuliza unakimbilia wapi, uwe umeshakaa naye chini.