Meza ya Watu Wanane

Mimi ni mtu wa kupima. Hata mkate nyumbani naukata sawasawa kana kwamba nina rula mkononi, na watoto wananicheka kwa hilo. Kwa hiyo sina kisingizio cha kosa nililofanya. Nilipima kila kitu isipokuwa jambo moja, na jambo hilo kila mtu mwingine ndani ya nyumba alilijua.

Vita vilipofika, ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ilifunga milango, nikabaki nyumbani, mtaani kwetu Nyalukemba mjini, mwanaume mzima anayezunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wakati huohuo mama mkwe wangu alitufikia kutoka Luvungi. Sehemu kubwa ya njia alitembea kwa miguu. Alikuja na sufuria moja na vitenge viwili, na nyumba aliyoiacha bondeni haikuwa na paa tena. Mke wangu ni binti yake wa pekee, basi hakukuwa na la kujadili.

Tangu siku ya kwanza aliishi kwetu kama mtu anayeomba radhi. Akizungumza nami, alisimama nyuma ya pazia au aligeuza uso kando. Alikula chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na sisi wengine tulikula sebuleni, kila mtu na sahani yake magotini. Alikuwa anakonda. Niliona ni aibu ya ukimbizi inayomla, na iliniuma sana, maana nilitaka ajue kwamba nyumba hii ni yake pia. Ndipo nikapata wazo la meza. Kubwa, nzuri, ya watu wanane: mimi, mke wangu, watoto wanne, mama, na nafasi ya mgeni mmoja. Akikaa hapo pamoja nasi, niliwaza, atajua kwamba amefika.

Nilikuwa nimeona picha ya meza kama hiyo kwenye simu. Uso mnene wa mbao, miguu iliyolala kidogo upande, rangi ya kahawa. Meza ya namna hiyo dukani ningeitazama tu na kurudi nyumbani. Lakini jirani alikuwa amemaliza kumimina zege la nyumba yake, na mbao za kofraje, zile za kushikilia zege mpaka likauke, zilikuwa zimerundikwa nje zikinyeshewa. Aliniachia kwa bei ya kuni.

Kazi ile ilinifundisha matusi mapya. Nilikwangua saruji, nikang'oa misumari mpaka viganja vikachubuka, na bado msumari mmoja ulijificha ndani ya ubao ukavunja kisu cha randa niliyoazima. Niliitupa randa chini. Kutoka nyuma ya dirisha nikasikia sauti ya mama mkwe, ya taratibu.

"Baba, libao haina makosa. Pumuzika kwanza."

Nikapumzika. Kwa kuwa mbao zilikuwa nyembamba, nilibandika vipande vingine chini ya kingo ili uso uonekane mnene kama ule wa pichani. Sikuwa na vibanio vya kubania, kwa hiyo nilifunga kila kitu kwa mipira ya ndani ya baiskeli, nikaiviringisha na kuivuta mpaka gundi ikatoka pembeni, kisha nikaweka matofali juu. Misumari yenye kutu niliiloweka ndani ya siki kwa siku kadhaa, na maji yale nikayapaka kwenye mbao. Zikageuka hudhurungi mbele ya macho yangu. Nilipopaka vanishi ya mwisho, mke wangu alipitisha mkono juu yake bila kusema kitu. Nilidhani amekosa maneno kwa furaha.

Jumapili baada ya misa tuliiingiza meza sebuleni, ikajaza chumba, nami nikapanga sahani saba. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilikaa upande mmoja, nikamwachia mama nafasi ya kichwani mwa meza, na nikamtuma binti yangu mkubwa amwite. Alikuja mpaka mlangoni. Aliponiona nimekaa na sahani mbele yangu, alishtuka, akajifunika uso kwa kitenge, akarudi chumbani. Hakula siku hiyo. Kesho yake hakula pia, na jioni mke wangu alimkuta anafunga vitenge vyake.

"Ninarudia kwetu," alisema. "Banashachoka na miye. Banaweka meza ili niende."

Mke wangu aliniletea maneno hayo barazani, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwetu mama hakulake mbele ya mukwe yake," akaniambia. "Hata kufa njaa, hapana. Sasa ile meza imejaza salon, kupita kwenda jikoni ni mbele yako. Anaona unamufukuza na adabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliwaza unajua. Kila mutu anajuaka. Weye ndiye ulihesabu batu munane."

Nilikuwa nimezaliwa na kukulia mjini. Tulipokuwa tukienda Luvungi kusalimia, walinipa chakula peke yangu katika nyumba ndogo ya pembeni, na mimi kwa miaka kumi na moja nilijiona mgeni wa heshima. Sikuwahi kujiuliza mama yule alikuwa anakula wapi. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayofanya masikio yawake moto. Nilikuwa karibu kumrudisha mwanamke mzee kwenye risasi kwa sababu ya meza.

Hasira yangu ya kwanza iliniambia niivunje iwe kuni. Badala yake nilisimama karibu na pazia lake, nikageuza mgongo kama inavyotakiwa, nikasema:

"Mama, meza iko yako na batoto. Miye nitakulaka inje, barazani. Usiende."

Nyuma ya pazia nikasikia sufuria yake ikitolewa mzigoni na kuwekwa chini.

Tangu hapo, chakula kikiiva, nilichukua sahani yangu na kwenda barazani. Mvua ikinyesha nilijibana ukutani. Majirani walinitania, wakauliza kama nimefukuzwa na mke. Nilicheka nao, ingawa siku nyingine ilinichoma kusikia kicheko kutoka kwenye meza niliyoitengeneza kwa mikono yangu bila mimi kuwepo. Lakini mama alikuwa anakula. Alikaa kichwani, mjukuu kila upande, akiwafundisha kumega bugali bila kuchafua vidole vyote. Mashavu yake yakarudi. Nilijiambia hiyo inatosha, na siku nyingi ilitosha kweli.

Kisha akaanza kukohoa. Dawa za zahanati hazikusaidia, na za hospitali zilisaidia wiki mbili tu. Alibaki mifupa, lakini kila mchana aliomba aletwe mezani. Siku moja nilikuwa nimeshachukua sahani yangu, nikiwa karibu kutoka, akaita.

"Mukwe wangu. Ikala hapa."

Hakugeuza uso. Alinitazama moja kwa moja. Nilimwangalia mke wangu, aliyesimama mlangoni pa jikoni na kijiko mkononi.

"Mama, haifai," nikasema.

"Ikala, baba."

Mke wangu akasema kwa sauti ya chini, "Kwetu mama anafanyaka vile wakati anaaga." Akaingia jikoni, na hatukumwona tena mpaka chakula kilipokwisha.

Nilivuta kiti cha mgeni, nikakaa mbele yake. Alimega tonge dogo, akalitia kwenye mchuzi, akalipeleka mdomoni, nami nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyotafuna: upande wa kushoto tu, ambako meno yalikuwa yamebaki. Aliisogeza sahani ya sambaza upande wangu. Nilimega, nikatafuna, nikameza. Nilikula polepole kuliko nilivyowahi kula maishani, tonge dogo baada ya tonge dogo, kwa sababu nilijua kwamba nikimaliza atainuka.