Funguo ya Pikipiki ya Paluku

Iko siku moja ya Kirumba, mwanangu, ninaikumbuka hata nisipotaka. Unanicheka kwamba mimi ni mzee wa kulinda kuku, sitoki Butembo hata kwa ndoa. Cheka tu, lakini sikiliza.

Nilikuwa kijana, natoka Kanyabayonga kuja kumwona baba, aliyelazwa hospitalini hapa akiniita. Binamu yangu Paluku alinipakia kwenye pikipiki yake. Tulipofika Kirumba, mji wa njiani, akasimama anunue mishikaki. Akanivika mfuko wake mgongoni, akanipa funguo: "Linda, niko narudia."

Anayelinda anasimama kando. Mimi nikapanda kiti cha mbele, nikashika gido, yaani usukani, funguo inazunguka kidoleni, kwa sababu wasichana wawili wauza kabichi walikuwa wananitazama. Na hata kuwasha sikujua!

Polisi wawili wakafika, wakaionyesha pikipiki kwa kidole.

"Hii moto ni ya nani?"

Wasichana wanasikia. "Ni yangu, chef."

"Na mufuko?"

"Yangu pia."

Wakaufungua: koti la askari, limekunjwa vizuri chini ya maharagi, na raia akikutwa nalo anafungwa. Hapo ndipo ulimi wangu ulipokumbuka ukweli.

"Chef, hapana yangu! Ni ya Paluku, ule pale! Mimi sijue hata kuendesha!"

"Hujue kuendesha na uko ku gido? Sheria hapana uliza unajua nini. Inauliza nani iko nashika."

Paluku alisimama na mishikaki mikononi. Wakamwuliza kama ananijua. Akanitazama vizuri, yeye tuliyekula naye sahani moja. "Huyu? Hapana."

Nililala kasho, mahabusu ya polisi, siku tisa. Siku ya tano baba alizikwa. Mama alisema mpaka mwisho alikuwa akiuliza, "Pikipiki haijafika?" Nayo ilibaki polisi, Paluku aliyenikana angeidai vipi? Ndiyo furaha yangu moja katika habari hii, na haitoshi.

Basi leo unapoenda Beni na pikipiki ya rafiki, usinikasirikie nikikuzuia mlangoni. Kilicho mkononi mwako, mgongoni mwako, chini ya makalio yako, watakihesabu chako, na hakuna atakayengoja umalize kueleza. Fungua mfuko kabla ya kuubeba, hata akikupa ndugu, hata akinuna. Usikalie kiti cha dereva kwa ajili ya kabichi. Na ukiulizwa ni ya nani, sema ukweli mara ya kwanza. Mara ya pili hausikiki.

Nenda sasa. Mungu akufikishe kwa watu wako wangali wakikuulizia.