Mwanaume Aliyesikika Nyumbani Mwangu

Shemeji yangu alikuja kumuua mwanaume ndani ya nyumba yangu saa nne asubuhi, jua linawaka, panga limenolewa. Nataka kusimulia mwenyewe kwa sababu hapa Lambwe watu wanasimulia vibaya. Wengine wanasema nilimng'oa jino. Halikung'oka. Lilivunjika.

Mimi ni mtu wa Kehancha. Shule niliacha mapema, nikaenda kuvuna tumbaku ya baba. Mume wangu alikuwa Mjaluo, mnunuzi wa ng'ombe, akaja sokoni kwetu akanitaka. Yeye hakujua Kikuria, mimi sikujua Kijaluo. Tulitongozana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukalea kwa Kiswahili. Hata nilipokuja kuijua lugha ya kwao, mlango ukishafungwa tulirudi kwenye Kiswahili chetu. Nje alikuwa mtu wao. Ndani alikuwa mtu wangu. Liweke hilo kichwani.

Alipokufa walifanya ile desturi ya kukifukuza kifo. Wanaume wanaswaga ng'ombe mbio, wameshika mikuki na marungu, wanapigana na hewa, wanacharaza miti, wanapiga makelele mpaka vumbi linameza boma. Ni heshima ya mwanaume mkubwa, na mimi nilisimama nikatazama kwa fahari. Lakini mdogo wake, kitinda mimba wa mama mkwe wangu, aliacha miti akaugeukia mlango wangu. Mkuki uliingia kwenye mbao ukabaki unatetemeka. Shimo lipo mpaka leo.

Baadaye akaja na wazee, ati nichague mtu wa kunirithi. Nikawaambia mimi si kigoda, sirithiwi. Shemeji akasimama.

"Sawa, yuora." Ndivyo wanavyomwita shemeji. "Kaa peke yako. Lakini siku nitakayosikia mwanaume ndani ya nyumba ya ndugu yangu, mtu ambaye sisi hatukumweka, huyo nitamkata vipande. Na wewe nitakuburuta kwa nywele mpaka barabara ya Magunga, urudi kwenu."

"Nywele sina," nikamwambia. "Nilizinyoa kwa ajili ya ndugu yako. Utashika nini?"

Wazee walicheka. Yeye hakucheka. Nikajua kuanzia hapo kwamba nyumba yangu, shamba langu na kaburi ninalolifagia, vyote vimening'inia kwenye neno hilo moja.

Sasa kuna mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Huyu najivunia mpaka majirani wananikimbia. Alisomea mambo ya stima Homa Bay, na hapo Magunga ana kibanda chake cha kutengeneza amplifaya na spika za makanisa. Wanaume wazima wanamletea mashine zao kwa adabu, kama wanapeleka mtoto kliniki.

Mimi nilikuwa na kaseti. Mume wangu aliirekodi tulipooana, kwa redio ya kuazima, kijana damu inachemka. Wajaluo wakisikia muziki wanapenda kusimama wajisifu, na yeye alijisifu humo, ila kwa Kiswahili, ili mimi nisikie. Mjukuu akaitoa kwenye kaseti akaiingiza kwenye kompyuta.

"Lakini kompyuta haiweki sauti, dani," akanieleza. Dani ni bibi. "Inaweka namba tu. Lazima kuwe na kisanduku cha kuzigeuza namba ziwe sauti tena."

Kisanduku alikitengeneza mwenyewe, kwa bodi za bei ya chini, akakiunganisha na amplifaya na spika mbili, kila moja urefu wa mbuzi. Tukakaa kusikiliza. Nikamsikia mume wangu ana nyuki kooni. Ngrrrr mwanzo mpaka mwisho.

"Huyo si babu yako," nikasema. "Hiyo ni posho mill."

"Ni bodi ya umeme. Inaingiza uchafu wa stima kwenye sauti. Na ile ya kugeuza namba pia ni dhaifu."

"Zitoe."

"Zote mbili?"

"Chinja, nyakwara, mjukuu wangu. Usiniulizeulize."

Bodi mpya zilipofika kwa bodaboda, alikichinja juu ya meza yangu. Alikifunua kifuniko, matumbo yakaonekana, waya nyekundu na nyeusi. Akawasha kile chuma cha kuyeyushia risasi ya kuunganishia waya, moshi ukapanda, harufu kama tairi linachomwa. Bodi ya zamani ilishikilia. Akaivuta kwa koleo, ikavunjika kra! kama paja la kuku. Halafu kidole chake kikagusa mahali, na kisanduku kikampiga. Kilimrusha kwenye kabati, sahani zikalia, akatoa tusi ambalo kanisani sitalirudia.

"Si ulichomoa waya?"

"Kuna vikopo ndani vinashika stima, dani. Hata ukichomoa vinakaa nayo."

"Ana kinyongo," nikasema. "Namjua mtu wa hivyo."

Akalamba kidole akarudi kazini. Bodi mpya ya umeme ilikuja na transfoma ya mviringo, nene kama andazi. Ile ya kugeuza namba ilikuwa na vidude vyeusi vyenye miguu kama chawa, na kila mguu aliuchoma kwa risasi. Alijiunguza dole gumba, akaendelea. Akafunga, akaunganisha, akapandisha sauti juu.

Nyuki wamekufa wote. Kwanza kulikuwa na kimya. Halafu mume wangu akavuta pumzi. Nilisikia ulimi wake ukiachana na meno. Nilishika meza.

"Mimi hapa! Dume la Lambwe! Kitanda hiki ninalalia mimi! Ugali wa nyumba hii ninakula mimi! Mke huyu wa Kehancha ni wangu! Nani atanitoa? Aje! Aje nimvunje meno!"

Shemeji yangu alikuwa anakata ua wa boma. Wale nyuki alishawasikia siku nyingine, akajua ni redio ya mjane. Hii haikuwa redio. Hii ilikuwa koo la mtu. Tena ndugu yake hakuwahi kuongea naye Kiswahili hata siku moja, na ujana wake hakuujua. Masikioni mwake huyo alikuwa mwanaume mgeni, mtu ambaye wao hawakumweka, amelala kitanda cha marehemu na bado anatukana.

"Toka nje, mbwa wewe!" akanguruma.

Na kisanduku, Mungu shahidi, kikamjibu, "Nani atanitoa?"

Mlango ulikuja ndani pamoja na bawaba zake. Alitoka kwenye jua kali, hakuona kitu, akakata alikosikia sauti. Panga lilipasua spika ya kushoto kutoka juu mpaka chini. Sauti ikabaki kwenye ya kulia.

"Yuko nyuma ya kabati!" Akalikata kabati. Sahani zangu za wageni zikamwagika kama mvua ya mawe. Mjukuu akajitupa mbele ya kisanduku na kile chuma cha moto mkononi.

"Babu, ukigusa hapa nakutoboa jicho!"

Shemeji akamsukuma ukutani, kichwa kikagonga. Hapo hasira zilinipanda. Nilichukua mwiko, ule mkubwa wa ugali wa matanga, nikampiga mdomoni kwa mikono miwili. Ndipo jino likavunjika. Alitema damu kwenye sakafu niliyoikandika mwenyewe, akainua panga juu ya kichwa changu.

"Mtoe!"

"Sitoi!"

"Mtoe nimkate, la sivyo naanza na wewe!"

Nilimwangalia machoni nikaona ataweza. Sikurudi nyuma. Ningerudi nyuma kwenda wapi? Nilikuwa nyumbani kwangu.

Ndipo mtoto akalia. Ndani ya spika iliyobaki mtoto mchanga alilia, mkali, mwenye hasira. Nilikuwa nimesahau kwamba yumo. Miaka yote makelele ya kaseti yalimficha, halafu nyuki wakamfunika. Mume wangu akaacha kujisifu, sauti ikashuka.

"Aa, mdogo wangu ameamka. Mbebe mgongoni, mama. Mwambie hakuna anayegombana."

Halafu sauti ya msichana, yangu mimi, "Nyamaza, baba. Nyamaza."

Panga likabaki juu. Damu ilikuwa inamchuruzika kidevuni.

"Mtoto wa nani huyo?" akauliza.

"Ni wewe. Mama yako alikuwa mgonjwa, ukaletwa kwetu. Muda si mrefu utanikojolea mgongo, ngoja usikilize."

Hakungoja. Nje watu walikuwa wamejaa, wana marungu, maana neno lilishapita boma kwa boma kwamba mjane wa Kehancha amekamatwa. Mmoja akaita, "Umemuua? Tuingie?"

Shemeji akaenda mlangoni, akasimama juu ya ule mlango ulioanguka. Niliushika mwiko vizuri. Angesema neno moja tu, wangeniburuta.

"Kuna mwanaume?" wakauliza.

"Yuko."

Nikauinua mwiko.

"Ni mwenye nyumba," akasema, na mate ya damu yakamruka. "Rudini kwenu."

Mlango aliurudisha yeye mwenyewe, na ule mkato wa kabati aliuziba kwa ubao. Mjukuu alifunua kisanduku, akakuta bodi zote mbili nzima. Spika ameishona kwa gundi na kitambaa, na mume wangu akipandisha sauti upande wa kushoto husikika kama ana pengo. Mambo ya kurithi hakuna tena anayeyataja mbele yangu.

Shemeji huja mchana, akiwa ametoka shambani, kumsikiliza ndugu yake. Husimama nje kwanza, hapo penye shimo la mkuki, na hupiga hodi. Zamani hakuwa anapiga hodi.