Kitenge cha Mama Verdiane

Mama Verdiane anakaa mtaa wa Minto, huku ughaibuni. Kila Jumamosi anatulindia watoto, wakubwa wakiwa kazini. Mgongo wake uliisha kwa kusafisha vyumba vya wazee, na Kiingereza kilimkataa, lakini watoto saba hawamshindi. Anawapa uji, halafu anawawekea katuni za zamani kabisa, zile hazina rangi, alizipata duka la mitumba la kanisa. Anazipenda sababu hazina maneno, ni muziki tu.

"Hizi tunacheka pamoja," aliniambia siku moja. "Za siku hizi wanacheka wao, mimi nabaki kuuliza kuna nini."

Ile Jumamosi nilitoka kazini Smithfield na hasira, msimamizi alikuwa amenichokoza tangu asubuhi. Nikaenda kumchukua mdogo wangu Chibalonza. Nikagonga ule mlango kama polisi. Mama Verdiane akaja mbio kufungua, kitenge mkononi. Nyuma yake, kwenye tivii, nikaona watu wamechorwa weusi tii, midomo kama chapati, mfupa puani, wanacheza kuzunguka sufuria, ndani yake mzungu.

Sikuuliza kitu. Nikatoa ile sidi kwenye deki nikaivunja kwa goti.

"Unawafundisha watoto wetu kwamba sisi ni nyani? Mama mzima, akili iko wapi?"

Nikamshika Chibalonza mkono tukatoka. Nikaandika yote kwenye WhatsApp ya wamama wa wale watoto, na picha ya ile sidi nikaweka. Jumamosi iliyofuata hakuna mtoto aliyeenda.

Siku ya tatu baada ya hapo Chibalonza alikuwa anavaa viatu, akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini nilimfokea bibi. Nikamwambia sababu ya wale watu wabaya.

"Watu gani?"

"Wa kwenye sufuria."

Akasema wao hawajawahi kuwaona. Muziki ukifika pale, Mama Verdiane anasimama, anatandaza kitenge mbele ya tivii, anasema, "Hapa kuna mtu anaoga, tumpe heshima." Wanaimba mpaka amalize kuoga. Siku ile tu kitenge hakikuwepo, sababu mtu aligonga, na wao wote wakageukia mlango.



Nilienda kwa Mama Verdiane. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, mimi ndiye niliyegonga."

"Uligonga kwa nguvu, baba. Nilifikiri kuna msiba."

Akanipa chai.

Nikaandika tena kwa wamama, nikaeleza kosa ni langu. Wengi hawakujibu. Ile ya kwanza walikuwa wamejibu wote, ndani ya dakika kumi.

Jumamosi hii walikuja watatu, Chibalonza akiwemo, na mimi sikuwa kazini, nikabaki nao. Uji ulikuwa wa watoto saba. Walipomaliza, Chibalonza akaomba katuni. Mama Verdiane akaweka sidi nyingine, akachukua rimoti, na kitenge akakiweka begani. Halafu, kwenye nyumba yake mwenyewe, akanigeukia mimi, kijana wa juzi, akasubiri nimkubalie.