Taa za Gari la Injili

Mimi ni mtu wa maombi. Nimeombea mvua, nimeombea wagonjwa, nimeombea hata trekta. Lakini mpaka leo sijakubali kwamba shetani ndiye aliyekuwa akififisha taa za gari la kanisa letu pale Nakuru.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa na ndimi niliyekuwa dereva. Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu iliyowahi kubeba maziwa. Tuliiwekea turubai nyuma na spika mbili za pembe juu. Mwinjilisti wetu aliketi kando yangu na maikrofoni, akihubiri huku tukienda, Njoro, Elmenteita, mpaka Kariandusi, ambako wachimbaji wa udongo mweupe walitoka weupe kwa vumbi wakasimama kumsikiliza. Mungu alitubariki kwa gari lile. Nasema hivyo kwa moyo wote.

Kisha baraza la wazee likanunua amplifaya kubwa zaidi na spika nyingine mbili, tukawa na pembe kila upande. Tangu siku hiyo, mwinjilisti akipaza sauti, taa za mbele zilififia. Akisema taratibu, ziliwaka. Akisema kwa nguvu, zilikuwa kama makaa ya jana.

Nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari, Kalasinga mmoja mwenye kilemba na karakana karibu na stesheni ya reli. Alifungua boneti, akacheka.

"Mzee, hii dainamo ni ng'ombe moja. Taa inakamua, betri inakamua, sasa mmeleta na mhubiri."

"Tufanye nini?"

"Toa dainamo, weka alteneta, hiyo inatoa umeme mingi hata injini ikienda pole. Weka waya nene. Na hiyo kelele ipatie betri yake."

"Ni mahubiri, si kelele."

"Kwa betri ni kitu moja."

Nikapeleka maneno hayo barazani. Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole, halafu akauliza kama sijaona kwamba taa hufifia hasa jina la Bwana linapotajwa. Wazee wakatazamana. Wakafunga Ijumaa nzima, kisha wakalizunguka gari na kuliwekea mikono. Mimi nami niliweka mkono, kwa kuwa maombi hayadhuru gari. Lakini hasira haikuniisha. Nyuma ya pikapu ile walipanda kina mama wa kwaya, mke wangu mmoja wao, na mimi ndiye niliyepaswa kuwarudisha nyumbani wakiwa wazima.

Jioni moja tulikuwa tukishuka kutoka Olenguruone kuelekea Molo. Ukungu wa milima ya Mau ulikuwa umeteremka mapema na barabara ya udongo ilikuwa imelowa. Nikashika gia ndogo. Injini ilienda polepole, na dainamo ikienda polepole haitoi kitu. Mwinjilisti akaanza kutangaza mkutano wa kesho.

"Ndugu, zima kidogo," nikamwambia. "Sioni barabara."

"Watu wa huko mabondeni wananisikia, mzee."

"Wanakusikia, lakini mimi siwaoni."

"Endesha kwa imani."

Akavuta pumzi, akapaza sauti. Taa zikazama. Nikaona kitu cheupe, nikakanyaga breki, pikapu ikateleza kiubavu, na kule nyuma nikasikia kina mama wakiangukiana. Tulisimama hatua chache tu kabla ya kundi la kondoo. Katikati ya kondoo alisimama mwanamke mtu mzima, blanketi mabegani.

Nilishuka, nikahakikisha kina mama ni wazima, kisha nikamwendea. "Mama, umeumia?"

"Sijaumia." Aliangalia zile spika juu. "Nyinyi niliwasikia tangu kule kwa shamba la pareto. Nikakuja barabarani nisikize vizuri. Lakini gari sikuona. Mnatembeza mdomo bila macho?"

Nyuma yangu spika zikakohoa, na mwinjilisti, ambaye hakuwa ameshuka, akaanza kumshukuru Mungu kwa muujiza, kwa sauti ya kufika Molo. Nikarudi, nikachomoa waya wa amplifaya kwenye betri.

"Mzee, umelinyamazisha Neno," akasema.

"Nimekunyamazisha wewe, ndugu."

Jumapili mwinjilisti alisimulia madhabahuni jinsi shetani alivyotaka kutuua, na watu wakapiga makofi. Makofi yale yaliniinua kitini. Nikaenda mbele, nikaweka ufunguo wa gari juu ya meza, nikasema sitaendesha tena mpaka alteneta ifungwe. Mwenyekiti akasema dereva mwingine atapatikana.

Mke wangu hakuinuka kwenye benchi la kwaya. "Dereva mtampata," akasema. "Na waimbaji je?"

Wenzake waliinamisha vichwa kama watu wanaoomba. Hakuna aliyempinga.

Kabla mwezi haujaisha pikapu ilikuwa kwa Kalasinga. Alifunga alteneta, akapitisha waya mnene kama kidole, akaweka betri ya pili nyuma ya kiti kwa ajili ya amplifaya peke yake. Tulipopanda tena Olenguruone ukungu ulikuwepo, na taa zilisimama imara hata mwinjilisti alipofika kwenye kuta za Yeriko na kupaza sauti.

Tuliporudi Nakuru alituombea sote tukiwa tumelizunguka gari, akamshukuru Mungu kwa kumtoa pepo katika taa zile. Fundi hakutajwa. Alteneta haikutajwa. Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu, mzima, akipangusa matope kwenye viatu, kwa hiyo nilisema amina. Niliisema kwa sauti ndogo sana.