Kwa Nini Warusi Walifungwa Kwao

Baba yangu alikuwa shabiki wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na sijamjua Mzanzibari mwingine aliyekuwa na maradhi hayo. Aliyapata Leningrad. Serikali ilimpeleka huko akiwa kijana kusomea mitambo ya ubaridi, ili arudi asimamie viwanda vya barafu na maghala ya samaki. Alirudi na shahada, akafanya kazi miaka michache, kisha siasa zikamgeukia, akatoka nchini mimi nikiwa mchanga. Alipofika London, shahada yake ilikuwa ya Kirusi na hakuna aliyetaka kuisoma. Akapata kazi Hayes, karibu na uwanja wa ndege, katika ghala la vyakula vya kugandishwa. Hakuwekwa kwenye mitambo. Aliwekwa kusukuma paleti za mizigo. Aliwahi kuniambia kwamba akiwa mle ndani huisikia kompresa ya mtambo wa baridi ikigonga vibaya, na huweza kukadiria itakufa wiki gani. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mimi na mama tulimfuata miaka mingi baadaye, nilipomaliza darasa la saba kule Pemba. Katika mtihani ule nilikuwa wa kwanza, na si skuli yetu tu, bali skuli zote za upande wetu. Bibi, mama yake baba, alisomesha maulidi, na watu walinisindikiza kama aliyekwisha kuwa mtu mkubwa. Nilimwona baba yangu kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka nikiwa na miaka kumi na minne, katika ukumbi wa kupokelea abiria. Alinipa mkono. Na mimi nikampa mkono, nikaangalia viatu vyake.

Hapa niliingizwa darasa la watoto wa umri wangu, nikakaa nyuma miaka miwili bila ya kusema neno. Hesabu nilizielewa. Lakini nina haya, na ninaandika polepole, neno moja baada ya moja, nikiogopa kila moja. Hata hiki ninachoandika sasa kimenichukua miezi. Nilitoka skuli ile sina cheti cha maana, kwa hiyo elimu yangu hasa ni ile niliyotoka nayo Pemba. Baba hakunilaumu. Hakuzungumza nami juu ya jambo hilo kabisa. Alizungumza nami juu ya Warusi.

Tulikaa katika fleti juu ya duka. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa Tanga, aliyehama na wazazi wake zamani lakini Kiswahili chake cha Tanga alikuja nacho kizima. Palipokuwa na mechi katika televisheni alimwachia mkewe duka, akapanda ngazi na pakiti ya njugu, si kwa kuwa aliupenda mchezo bali kwa kuwa alipenda kumchokoza baba. Alimwita Komredi. Yeye mchezo wake ulikuwa kriketi, na alisema mchezo ambao mpira wenyewe hauonekani ni wa vipofu. Kweli, mwanzo hata mimi sikuuona mpira, maana si mpira bali ni kipande cheusi, kidogo kuliko kisahani cha chai. Baba alikiita shaiba, kwa Kirusi, na alinifundisha nisikitafute chenyewe. Niangalie wachezaji wanaelekeza wapi mabega yao.

Zamani zake, timu ya Warusi ilikuwa haifungiki. Baada ya nchi yao kuvunjika walichukua ubingwa wa dunia mara moja, mwanzoni, na tangu hapo hawakupata kitu. Jambo lililomtesa baba ni kwamba hawakuwa wabaya. Kila mwaka magazeti yaliwapa nafasi ya kwanza, na kila mwaka walitoka wameinamisha vichwa. Baba alikuwa na sababu nyingi, naye alinieleza zote akiwa amekaa ukingoni mwa kochi na kikombe mkononi. Wachezaji wao bora walikuwa wameajiriwa Marekani, wanafika siku chache kabla ya mashindano, miguu imechoka. Kiwanja cha Marekani ni chembamba na cha Ulaya ni kipana, na mtu aliyezoea chumba kidogo akitiwa katika uwanja hupotea. Tena kila nchi ndogo ikikutana na mkubwa hucheza mechi ya maisha yake. Lakini sababu aliyoipenda zaidi ilikuwa ya maulidi. Alisema umekusanya wasomaji watupu, kila mmoja sauti yake inajulikana mji mzima, na hukuleta hata mwitikiaji mmoja. Nani atamwitikia nani?

Mwenye duka alimjibu kwamba maelezo yote hayo hayahitajiki. "Komredi, timu yako inatembelea magongo. Mpeleke mgonjwa hospitali."

Mimi nilicheka, na baba akaniangalia, akacheka pia. Siku kama hizo ndizo nilizokuwa naye.

Mwaka elfu mbili mashindano ya dunia yalifanyika kwa Warusi wenyewe, katika mji uleule aliosoma baba, ingawa ulikuwa umebadilishwa jina. Wachezaji wao wakubwa walioajiriwa Marekani walikuja wote. Baba aliomba zamu za asubuhi. Picha za mji zilipoonyeshwa kabla ya mechi, mto na madaraja, alimwita mama kutoka jikoni aje kuona, na mama alikuja akafuta mikono, akasema pazuri, akarudi. Siku ya kwanza waliwapiga Wafaransa mabao mengi mpaka mwenye duka akaondoka kabla ya mwisho.

Wiki hiyohiyo mimi nilikuwa na mtihani. Baba alikuwa amepata habari za chuo kimoja upande wa Stratford kilichofundisha ufundi wa mitambo ya ubaridi, na hakikudai vyeti, ila mtihani wa kuingilia. Alijaza fomu yeye mwenyewe. Jioni nyingi alinichorea kompresa na mabomba yake nyuma ya makaratasi ya ghalani, gesi inapoingia, inapobanwa, inapotoa joto lake, na nilielewa haraka kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote nchi hii. Alisema mimi nitaingia kwa mlango wa mbele. Hakusema mlango gani aliingilia yeye.

Nilipanda treni kutoka upande mmoja wa London mpaka mwingine. Chumba cha mtihani kilikuwa na vijana kama ishirini, na mwanamke mpole aliyetugawia karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa hesabu, nikaumaliza wote na kuurudia. Ukurasa wa pili ulikuwa mtupu, wenye swali moja juu: eleza kwa nini unataka kusoma somo hili. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo kwa Kiswahili, refu, lenye baba na kompresa na samaki wanaooza gatini. Nikaanza kuligeuza. Nikaandika sentensi kwa penseli, nikaona imekaa vibaya, nikaifuta. Nikaandika nyingine. Wenzangu walikuwa wanafunua karatasi, wanaandika kama wanaokuna. Karatasi zilipokusanywa nilikuwa na mstari mmoja na nusu, na alama ya kifutio nyeusi chini yake.

Baba alikuwa amekaa anasubiri, koti la kazi bado mwilini. Aliniuliza vipi. Nikamwambia nimefanya vizuri.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka siku moja zaidi. Lakini baba hakungoja hata nivue viatu. Alishuka dukani akamwambia mwenye duka, akarudi na kadi ya simu, akampigia bibi Pemba kwa jirani mwenye simu, akamwambia kijana amefanya vizuri, majibu wiki ijayo. Nilimsikia bibi kutoka nilipokaa. Alisema atawaita watu wasome khitma.

Jioni ya siku hiyo Warusi walifungwa na Waswisi. Baba hakukasirika. Alisema ni ajali. Mwenye duka aliuliza kama Waswisi nao wamo katika kriketi, maana huko nako huenda wakawafunga Waingereza, na baba alitabasamu tu. Alikuwa na habari nyingine njema ya kumtosha. Siku chache baadaye wakafungwa na Latvia. Mimi nilikaa nao nikitazama mabega ya wachezaji, na nilianza kuona kitu nisichoweza kumwambia mtu. Walikuwa hawatazamani. Shaiba ikimfikia mmoja, alikwenda nayo peke yake mpaka anyang'anywe, kisha akarudi benchi ameangalia chini.

Barua ya chuo ilifika asubuhi ya mechi ya Belarus. Niliipokea mimi mlangoni, nikaifungua chooni, nikaisoma mara nne, nikaitia mfukoni. Nilikaa nayo mchana kutwa. Mama aliniuliza kama naumwa.

Belarus walifunga bao moja. Lilitosha. Warusi walizunguka na shaiba, wakapiga, wakapiga tena, na kipa wa Belarus akazuia kila kitu, na katika ukumbi watu wao wenyewe wakaanza kuwapigia miluzi. Mechi ilipokwisha mwenye duka hakuchokoza. Alikusanya maganda ya njugu kiganjani, akasema, "Pole, ndugu yangu," akashuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita baba hivyo, na nilifahamu ameona kitu usoni mwake ambacho mimi, kwa kuwa nilikuwa naangalia sakafu, sikukiona.

Baba hakuzima televisheni. Nilingoja aanze na uwanja mpana au na Marekani. Hakuanza navyo.

"Hawakufungwa leo," alisema. "Toka siku ya Waswisi walijua wameharibikiwa. Kila mmoja alijua peke yake. Hakuna aliyemgeukia mwenziwe akamwambia, ndugu, mimi siwezi. Wangeambiana wangepata la kufanya. Wameingia uwanjani kila mtu anaficha."

Alikuwa anazungumza na televisheni. Nina hakika hakuwa ananikusudia mimi, maana baba hakuwa mtu wa mafumbo. Lakini mkono wangu ulikwisha kuingia mfukoni. Nikampa barua.

Aliisoma pole pole. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Walisema hesabu zangu zote ni sahihi, ila sikutoa maelezo ya kutosha, na wangenishauri nisome Kiingereza kwanza kisha nijaribu tena mwaka mwingine.

"Uliandika kiasi gani?"

"Mstari mmoja na nusu, baba."

"Na ulijua siku ileile."

"Naam."

Nilingoja sababu. Aliyekuwa na sababu ya kila bao alililofungwa Mrusi angeweza kunitafutia moja: kwamba sikuzoea, kwamba muda ulikuwa mfupi. Ningeichukua yoyote. Aliikunja barua katika mikunjo yake ileile, akanirudishia.

"Nimeshamwambia mama yangu," alisema.

Siku nne baadaye aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ghalani wanataka mtu wa kupanga maboksi na amenisemea, nianze Jumatatu. Mwaka mwingine wa kujaribu haukutajwa, na mimi sikuutaja.

Jumapili baada ya alasiri alikwangua kadi ya simu akapiga Pemba. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Alimwamkia mama yake, akauliza hali za watu mmoja mmoja, kisha akasikiliza, na mimi nikajua anaulizwa nini.

"Kapita, mama," alisema. "Ndiyo. Kapita."

Sikuwahi kumsikia baba akisema uongo. Aliondoka Zanzibar kwa kuwa aliambiwa atie saini uongo, hivyo ndivyo mama alivyonisimulia. Akanipa simu bila ya kuniangalia, akaenda jikoni.

Bibi alikuwa analia kwa furaha. Aliniuliza huko chuoni nitafundishwa nini. Nikamwambia barafu.

"Barafu nayo ina skuli?" akasema, na watu waliokuwa nyuma yake wakacheka, na mmoja akapiga kigelegele.

Sauti ya mwanamke wa Kiingereza ikaingia katikati yetu kusema imebaki dakika moja. Bibi hakuielewa. Alidhani ni mwalimu wangu, akamsalimu, kisha akaanza kuniombea dua kwa sauti, moja baada ya moja, na mimi nikaitikia amina mpaka kadi ikaisha.